Umeme wa Ukumbini: Mwongozo Kamili wa Usalama kwa Watu wa Muziki wa Kukodi

Mtu wa muziki wa kukodi anachomeka vyombo vyake kila wiki kwenye umeme ambao hakuufunga yeye wala hamjui aliyeufunga. Ijumaa yuko kwenye ukumbi wenye viyoyozi na mapazia, Jumamosi yuko chini ya turubai uani kwa watu, Jumapili yuko kanisani au uwanja wa shule. Kote huko anaonyeshwa soketi na kuambiwa, "Chomeka hapo, mbona wenzako huwa wanachomeka hapo hapo," na maharusi wamekaribia kuingia. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: DJ, bendi ndogo, kikundi cha taarabu, MC mwenye spika zake mbili, kwaya inayosafiri na vyombo. Msimamo wangu ni mmoja. Kinga ya umeme isafiri ndani ya gari pamoja na vyombo, na maiki isishikwe na mtu yeyote kabla umeme wa mahali pale haujapimwa.

Vipimo nitakavyotaja ni vya umeme wa kwetu, volti 230 hadi 240, na plagi za pini tatu bapa zinazotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Congo utakuta soketi za pini za duara. Plagi hizo hazina fyuzi ndani, na adapta nyingi za bei rahisi za kubadilishia hazipitishi ethi, ule waya wa kijani na njano unaoshuka ardhini. Ukienda na adapta ya namna hiyo umekwenda bila kinga, hata kama kila kitu kinawaka.

Umeme unavyoua jukwaani

Tarehe 3 Mei 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maiki jukwaani mjini Swansea, Wales, akafa kwa umeme mbele ya watazamaji. Tarehe 30 Oktoba 2005 mchungaji Kyle Lake wa kanisa la University Baptist, Waco, Texas, alinyoosha mkono kuigusa maiki akiwa amesimama ndani ya maji ya ubatizo, naye akafa. Wote wawili walishika kifaa ambacho watu hudhani hakina madhara.

Umeme wa sauti unaopita ndani ya maiki ni mdogo mno, hauwezi kuua. Hatari iko kwenye ganda lake la chuma. Ganda hilo limeungwa kwa kebo hadi kwenye bati la miksa, na bati la miksa limeungwa na ethi ya plagi. Nyuzi za gitaa la umeme nazo zimeungwa na bati la amplifaya ya gitaa. Ethi ikiwa nzima pande zote, ganda la maiki na nyuzi za gitaa viko sawa na ardhi, na mwimbaji yu salama. Ethi ikikatika upande mmoja, kisha waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ukagusa bati la upande huo, mwimbaji mwenye gitaa mkononi na midomo kwenye maiki ndiye anayegeuka kuwa njia ya umeme. Unapita mkononi, kifuani, mdomoni.

Kiasi kinachotosha kuua ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Miliampea 1 unaihisi kama mtekenyo. Kwenye 10 hivi misuli ya mkono inakaza na mtu hawezi kuachia alichoshika. Kuanzia 30 kuendelea pumzi na moyo viko hatarini. Mwili wenye jasho una ukinzani wa omu 1,000 hivi, kwa hiyo volti 230 zinapitisha miliampea 230. Sasa tazama fyuzi ya plagi yako: imeandikwa 13, yaani ampea 13, ambazo ni miliampea 13,000. Fyuzi hiyo inazuia kebo isiwake moto. Wewe utakuwa umeshakufa na yenyewe bado nzima.

Hatua ya kwanza: kagua vyombo nyumbani, mchana, bila haraka

Toa kila plagi, ifungue kwa bisibisi. Waya wa laivu, wa kahawia kwenye kebo mpya au mwekundu kwenye za zamani, uende kwenye fyuzi. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, ya bluu au nyeusi, ikae upande wa pili. Ethi ikae kwenye pini ndefu ya juu, na uiache iwe ndefu kidogo kuliko zile mbili, ili kebo ikivutwa na mtu aliyejikwaa ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Kibano cha kebo kibane ganda la nje la kebo. Nyaya za ndani zikionekana nje ya plagi, plagi hiyo haiendi kazini.

Fyuzi zina maana yake. Nyekundu ya ampea 3 inatosha miksa, kompyuta, taa za LED na vifaa vidogo. Ya kahawia ya ampea 13 ni ya amplifaya kubwa, mashine ya moshi na ekstensheni kuu. Karatasi ya sigara au kipande cha waya kilichowekwa badala ya fyuzi kitupwe hapo hapo, na plagi yenyewe ikaguliwe kama imeungua, kwa sababu aliyeweka waya alikuwa na sababu ya fyuzi kukatika na hakuitafuta.

Kisha tumia maltimita, kwenye kipimo cha omu, chombo kikiwa kimechomolewa. Ncha moja gusa pini ya ethi ya plagi, nyingine gusa chuma kitupu cha bati la chombo, kwenye skrubu isiyopakwa rangi. Usomaji uwe chini ya omu moja. Ukiwa mkubwa, au ukirukaruka unapotikisa kebo, ethi imekatika ndani, na chombo hicho hakiendi popote hadi kebo ibadilishwe. Vyombo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba havihitaji ethi, maana vimezibwa mara mbili. Usivipime hivyo, ila kagua ganda lisiwe na ufa.

Angalau mara moja kwa mwaka peleka vyombo kwa fundi mwenye mega, kipimo kinachosukuma volti 500 ili kujua kama laivu inavuja kwenda kwenye bati. Usomaji wa kuanzia megaomu 1 kwenda juu unakubalika. Baadhi ya vifaa vya elektroniki havifai kusukumiwa volti hizo, kwa hiyo aambiwe ni chombo gani. Weka daftari: jina la chombo, tarehe, usomaji. Waswahili wenzetu wanaopiga muziki Uingereza wanajua kwamba kumbi nyingi kule haziwafungulii mlango bila karatasi ya kipimo hicho. Huku hakuna anayekuuliza, na hilo linaongeza sababu ya kuwa nayo.

Jambo moja la hatua hii sitaki lipite hivi hivi. Usikate pini ya ethi, na usifungue waya wa ethi ndani ya plagi, hata kama spika zinavuma. Najua inafanyika. Mafundi wa sauti wazuri kabisa wanaifanya kwa sababu mvumo unakoma papo hapo na ukumbi unapata sauti safi. Mvumo ule una tiba nyingine, nitaieleza mbele. Chombo kilichoondolewa ethi kinakaa kimya miaka miwili, kinaazimwa, kinauzwa, na siku insulesheni ya ndani inapoungua anayekishika hana habari kwamba kinga yake ilikatwa na mtu mwingine.

Hatua ya pili: tengeneza boksi lako la kugawia umeme

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, acha spika mpya, tengeneza boksi hili. Ni kisanduku kigumu cha plastiki chenye kebo nene ya kuingizia umeme, swichi kuu inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, RCD (swichi zinazokata umeme ukivuja) za miliampea 30, breka moja kwa kila kundi la soketi, na soketi zenyewe. Lifungwe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, yaani EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya.

RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna unaotorokea kwingine, labda mwilini mwa mtu, nayo inakata ndani ya milisekunde 300. Shoti kubwa inaikata mapema zaidi, chini ya milisekunde 40. Umeme wa gridi ukiwa wa kawaida, RCD itakuokoa hata kwenye nyumba ambayo ethi yake imekufa, kwa kuwa umeme unaopita mwilini mwako kwenda ardhini haurudi kupitia kwake. Haikuokoi ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, maana hapo kinachokwenda ndicho kinachorudi.

Usifunge RCD moja kwa kila kitu. Vifaa vya kisasa, hasa spika zenye amplifaya ndani, taa za LED na kompyuta, huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye ethi kwa maumbile yake. Chombo kimoja kinaweza kuvujisha miliampea 1, kingine 3. Ukiviweka kumi na tano nyuma ya RCD moja, siku yenye unyevu itakata bila kosa lolote, na mtu aliyechoshwa na kukatika ataiondoa. Fanya tatu: moja ya sauti, moja ya taa na moshi, moja ya jukwaani kwa wapiga ala.

Uvujaji huo una upande wake wa hatari. Ethi ya ekstensheni kuu ikikatika, ule umeme mdogo wa vyombo vyote unakosa pa kwenda. Mabati yote, pamoja na ganda la maiki, yanapanda hadi volti 115 hivi. Anayegusa maiki huku amekanyaga sakafu yenye maji anapokea jumla ya uvujaji wa vyombo vyote kwa mpigo. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba maiki "inatekenya" au spika "inapiga kidogo", zima kila kitu. Amekuambia kwamba ethi haipo.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mzigo kabla hujakubali kazi

Soma ampea zilizoandikwa nyuma ya chombo, karibu na soketi ya umeme. Usihangaike na wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi kwa ajili ya kuuzia. Kama kuna wati tu, gawanya kwa 230.

Chukua mfano wa muziki wa kawaida wa harusi: besi mbili za ampea 3.5 kila moja, spika za juu mbili za ampea 2, miksa na kompyuta na vipokezi vya maiki ampea 1. Hapo ni 12. Taa nane za LED zinakula kama 2.4, na mashine ya moshi ya wati 1,200 inakula 5.2. Jumla inafika 19.6. Soketi moja inatoa 13, basi mzigo huu unataka soketi mbili zinazotoka kwenye breka tofauti. Soketi mbili za ukuta mmoja mara nyingi ni za breka moja, kwa hiyo uliza, au zima breka uone ipi inakufa. Uliza pia mpishi atachomeka wapi. Majiko ya kupashia chakula na mabirika ya umeme ndiyo yanayokata breka saa ya chakula, na lawama inaangukia muziki.

Unene wa kebo nao ni hesabu. Kebo ya milimita za mraba 1.5, yenye urefu wa mita 50 na mzigo wa ampea 10, inapoteza volti 12 njiani. Ya 2.5 inapoteza kama 7.4. Kama umeme wa mtaa umeshashuka hadi 205 saa mbili usiku, hizo volti 12 ndizo zinazofanya besi izime kila mdundo ukipiga. Jihadhari na kebo nyepesi kuliko kawaida: ukiikwaruza kwa kisu na ndani ikang'aa nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, inapata moto mapema na kukatika upesi ikikunjwakunjwa.

Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye rili ifunguliwe yote hadi mwisho, hata kama unahitaji mita tano. Ikiwa imefunguliwa inabeba wati 3,000 hivi. Ikiwa imezungushwa, nyingi haziruhusiwi kuzidi 1,000, na kikomo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Zinazoyeyuka huanzia katikati ya rili, mahali pasipoonekana.

Hatua ya nne: ukifika, pima kabla hujashusha spika

Fika mapema kiasi kwamba ukikuta umeme mbovu bado kuna muda wa kuita fundi. Kabla ya kupima, tazama. Soketi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, iliyolegea ukutani, au inayonuka kama samaki au plastiki iliyoungua, usiiguse. Waya uliochomekwa kwenye soketi bila plagi, kwa vijiti vya kiberiti, ujue wenye mahali wamezoea hatari. Waya uliopandishwa nguzoni na kudakishwa kwenye nyaya za mtaa usijadili na mtu, ondoka.

Tazama na juu. Mitaani nyaya za usambazaji za msongo wa kati ni za kilovolti 11 au 33, na vyuma vya turubai ni virefu. Wapo watu waliokufa wakisimamisha mlingoti wa chuma, na hao hawakugusa plagi hata moja. Nyaya zikiwa juu ya uwanja, turubai na minara ya taa zihamishwe, hata kama viti vimeshapangwa.

Halafu chukua maltimita, iweke kwenye volti za umeme wa mkondo geu, hakikisha ncha zake hazina ufa, pima soketi mara tatu.

Kati ya laivu na nyutro utegemee 207 hadi 253. Chini ya hapo vyombo vitahangaika. Juu ya hapo usichomeke kabisa.

Kati ya laivu na ethi usomaji ukaribiane sana na ule wa kwanza.

Kati ya nyutro na ethi usomaji uwe karibu na sifuri, volti mbili tatu tu.

Majibu mengine yana maana zake. Ukikuta 230 kati ya nyutro na ethi, na sifuri kati ya laivu na ethi, aliyefunga soketi aligeuza waya. Swichi ya chombo inaweza kuzimwa na ndani kukabaki na umeme. Ukikuta laivu na ethi inasoma kitu kama 90 au 120, na nyutro na ethi nayo inasoma hivyo hivyo, ethi inaelea: waya upo kwenye soketi lakini haufiki ardhini. Hili ndilo nililokuta mara nyingi kuliko mengine, hasa nyumba za zamani na kumbi zilizoongezwa vyumba kidogo kidogo. Ukikuta nyutro na ethi inasoma volti 10, 20 na kupanda mzigo ukiongezeka, nyutro ya jengo imelegea.

Testa ya soketi yenye taa tatu ni nzuri kwa haraka, nami ninayo, ila haiwezi kutambua nyutro na ethi zilizobadilishana, wala ethi iliyo dhaifu. Bisibisi ya testa inayowaka taa mkononi inakuonyesha laivu iko wapi, basi. Haikwambii lolote kuhusu ethi, na hatari ya maiki niliyoieleza inahusu ethi.

Ukumbi mkubwa unaweza kukupa umeme wa fezi tatu, yaani wenye nyaya tatu za laivu, kutoka kwenye boksi lao. Usifungue wewe, mwite fundi wao au wako mwenye leseni, nawe simama upime. Pima kila fezi na nyutro. Moja ikisoma 180 na nyingine 280, nyutro imekatika au imelegea, na kwa kuwa kati ya fezi na fezi kuna volti 400, vyombo vinaweza kuungua kwa muda mfupi. Rangi nazo zina mtego ulioua mafundi: kwenye nyaya za zamani za fezi tatu, bluu ni fezi na nyeusi ni nyutro, kwenye mpya, bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Jengo lililorekebishwa nusu lina zote mbili ndani ya boksi moja. Rangi isiaminiwe, ipimwe. Sauti yote, pamoja na amplifaya za gitaa na kinanda, iwe kwenye fezi moja, taa ziende nyingine.

Ukishachomeka boksi lako, bonyeza kitufe cha majaribio cha kila RCD. Ikikata, mashine yake ni nzima. Isipokata, haina kazi tena.

Hatua ya tano: kutandaza kebo

Kebo zipite ukutani, nyuma ya wageni. Panapolazimu kuvuka njia, funika kwa mkeka wa mpira au zibandike kwa tepu ya kitambaa urefu wote. Usipitishe kebo chini ya zulia jekundu la maharusi, visigino vyembamba vinatoboa. Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni kwenye ekstensheni. Kebo ya umeme na kebo ya sauti zikikutana, zivukane kwa pembe mraba.

Nje, miunganiko yote iinuliwe kutoka chini, juu ya kreti au matofali, na itumie plagi za duara za bluu zenye kifuniko. Mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye ekstensheni iliyolala kwenye majani unakusanya maji badala ya kuyazuia. Kipindi cha masika usikubali kazi ya nje bila jukwaa lililoinuliwa na paa linalozidi vyombo pande zote. Mvua ikianza kurusha matone kwenye vyombo, swichi kuu inazimwa, kisha ndipo mnafunika. Watu huanza kufunika kwanza, mikono imelowa, umeme ukiwa unatembea.

Hatua ya sita: jenereta

Jenereta ndogo za kubeba mkononi nyingi hutoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijaungwa na ethi. Maana yake RCD uliyoilipia haifanyi kazi inavyotakiwa: umeme unaopita mwilini mwa mtu hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, hivyo kosa la kwanza linakaa kimya, na la pili linaua. Ubaya zaidi ni kwamba kitufe cha majaribio kitaendelea kukata kama kawaida, kwa sababu kinajaribu mashine ya ndani ya RCD tu, na mtu ataondoka akidhani amekingwa. Pima kwa maltimita. Laivu na ethi ikisoma 230, na nyutro na ethi ikisoma sifuri, imeungwa. Zote mbili zikisoma kama 115, inaelea. Fundi aiunge, mahali pamoja tu, na achimbie fimbo ya shaba kwenye udongo wenye unyevu. Jenereta inayolisha kupitia wiring ya jengo isiungwe bila yeye kuamua.

Ya kVA 5 inatoa kama kilowati 4, ibebeshe tatu. Iwe nje kabisa, mbali na madirisha, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu, maana monoksidi ya kaboni haina harufu na imeua familia ndani ya vyumba. Petroli iongezwe ikiwa imezimwa na imepoa. Na asitokee mtu wa kulisha nyumba kwa ekstensheni yenye plagi pande zote mbili. Umeme huo unarudi kwenye nguzo, unapandishwa na transfoma ya mtaa, na kumkuta fundi wa shirika la umeme aliye juu akidhani laini imekufa. Panahitajika swichi ya kubadilishia, au vyombo vilishwe moja kwa moja.

Umeme wa gridi ukikatika katikati ya sherehe, zima swichi kuu ya boksi lako mara moja. Ukirudi, subiri dakika chache, pima, ndipo uwashe. Dakika ya kwanza ndiyo yenye volti za ajabu.

Hatua ya saba: kabla mwimbaji hajashika maiki

Kila kitu kikiwa kimewashwa, weka ncha moja ya maltimita kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye nyuzi za gitaa, kisha kwenye bati la kinanda, kwenye chuma cha jukwaa, kwenye mlingoti wa turubai. Usomaji uwe chini ya volti 2. Ukikuta 50, 100, hakuna mazoezi wala salamu za mgeni rasmi hadi chanzo kipatikane. Wanaocheza pekupeku, kama vikundi vingi vya ngoma, wapimiwe kwa uangalifu wa pekee. Kwa ubatizo wa maji mengi, maiki ya waya isikaribie kisima; tumia isiyo na waya, inayokula betri, kwa sababu haijaungwa na bati lolote.

Sasa ule mvumo. Unatoka pale vyombo viwili vinapopata ethi kwa njia mbili tofauti na pia vimeungwa kwa kebo ya sauti. Kwanza, lisha sauti yote kutoka boksi moja; mara nyingi unakoma hapo. Ukibaki, weka DI, kisanduku kidogo cha kuunganishia chombo na miksa, yenye swichi ya kutenga ethi, kati ya kinanda au kompyuta na miksa, au transfoma ya sauti. Hizo zinatenga ethi ya kebo ya sauti, na ethi ya umeme inabaki mahali pake.

Mtu akinaswa

Usimshike. Zima swichi kuu ya boksi, ndiyo maana iwe mahali panapofikika na kila mmoja wenu apajue. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu, msukume kwa mbao kavu au kiti cha plastiki. Kwa nyaya za nguzoni hata hilo usijaribu. Kaeni mbali, pigeni simu.

Akiwa hapumui kawaida, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Kama umefundishwa kumpa pumzi, mpe 2 baada ya kila mibonyezo 30. Aliyezinduka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali vilevile, moyo unaweza kuyumba baadaye. Moto wa vyombo uzimwe kwa mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi au wa unga, kamwe si maji. Tanzania, namba ya zimamoto ni 114, na 112 ni ya dharura.

Andika kwenye mkataba

Ugomvi wa umeme unatokea kwa sababu unazungumzwa saa kumi na mbili jioni mbele ya kamati. Uzungumzwe siku ya kupokea malipo ya awali. Maneno haya unaweza kuyanakili na kuyatuma kwa kila mteja:

"Mteja ataandaa soketi mbili zenye ethi nzima, kutoka breka tofauti, ndani ya mita 20 kutoka jukwaani, zisizotumiwa na mpishi wala mpambaji. Fundi wetu atapima umeme muda wa saa nne kabla shughuli haijaanza. Umeme ukionekana si salama, mteja ataita fundi mwenye leseni kwa gharama yake au atakodi jenereta tutakayoikubali. Muziki hautawashwa kabla ya hapo, na muda utakaopotea hautarudishwa wala malipo hayatapunguzwa."

Weka sahihi mbili chini yake, namba ya simu ya fundi wa ukumbi, na jina la mtu mmoja wa kamati atakayekuwepo saa ya kupima.